Shahidi wa Maziwa

Kwa miaka thelathini kazi ya Shihab ilikuwa kuuliza watu maswali: ishirini na minne polisi, sita kwa kujitegemea, na ofisi yake ndogo ya Ibra, huko Oman, ikijulikana mpaka Sur na Nizwa. Hakuzoea kuulizwa yeye. Lakini asubuhi ile ya Jumatano, kwenye bandari ya Stralsund kaskazini ya Ujerumani, upepo wa Baltiki ukimkata masikio, aliulizwa hata hajamaliza kusalimia.

"Wewe mwana wa nani?"

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba. Mwana wa nani, nakuuliza?"

"Mama yangu Hajar binti Hamood, wa Mkunazini."

"Mkunazini upande wa kanisani, au upande wa Darajani?"

"Darajani."

"Hajar mrefu, fundi wa kofia, mguu mmoja ukimsumbua?"

"Huyo huyo."

"Mungu amrehemu."

Shihab alishtuka. Hakuwa amemwambia kuwa mama yake kafariki. Bi Khole akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akashika kola ya koti lake kwa vidole viwili.

"Angekuwa hai asingekuachia uje kwenye baridi hii na kikoti cha harusi. Haya, twende. Mimi sikai kitako na mtu nisiyemjua. Natembea naye kwanza."

Alikuwa kibibi wa miaka sabini na saba, mfupi, mtandio umefungwa chini ya kidevu, koti la sufi limefika miguuni, na kigari cha kwendea sokoni akikivuta nyuma yake. Kiswahili chake kilimpiga Shihab kifuani. Ndicho kile cha mama yake, kile kile hasa, ambacho Oman sasa hukisikia kwa wazee wachache msibani, na watoto wakikijibu kwa Kiarabu. Hapa kilikuwa kinatoka mdomoni mwa mtu baina ya maghala ya matofali mekundu na ndege wa baharini wanaopigania vichwa vya samaki.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Mudrick wa Sur, miaka sitini na tatu, aliyefiwa na mke, alitaka kumwoa Bi Hadiya binti Aflah wa Ibra, mwalimu mstaafu, aliyefiwa na mume. Wote wawili asili yao Unguja. Bi Hadiya aliondolewa huko mchanga. Mudrick alikuja Oman akiwa na miaka minane. Walikutana uzeeni, kwenye khitma ya mtu, wakacheka mpaka wakatazamwa vibaya, na baada ya hapo ikawa basi tena. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Zimebaki siku mbili.

Kisha Adham, mtoto mkubwa wa Bi Hadiya, akafungua sanduku la marehemu bibi yake, Bi Tufool, kumtafutia mama yake kipande cha dhahabu cha kuvaa. Akakuta barua. Bi Tufool alikuwa ameiandika zamani kwa shoga yake, asiipeleke. "Mama wa Mudrick ndiye aliyemnyonyesha Hadiya wangu siku zile nilizokuwa sipo. Khole wa jirani ndiye aliyempeleka. Sitausahau wema wao."

Adham hakuwa mtu mbaya. Usiku mzima hakulala, asubuhi akaipeleka barua kwa sheikh. Na sheikh akasema lile ambalo kila mtu Ibra alilijua: waliochangia ziwa ni ndugu, hata kama ni funda moja, na ndugu hawaoani mpaka Kiyama. Lakini karatasi si shahidi. Atafutwe mtu aliyeona.

Shihab alilikagua sanduku mwenyewe. Barua, cheti cha kuzaliwa cha Hadiya kinachosema Aprili 1963, na msahafu wa babu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa msahafu kulikuwa na jina la Hadiya, tarehe ya Kiislamu inayokubaliana na cheti, na chini yake dua ndogo ya mistari miwili. Akaufunga. Kila kitu kililingana, na ndicho kilichomtia huzuni. Walionyonyesha na walionyonya wote walikuwa wamekufa au walikuwa wachanga. Aliyebaki hai ni Khole mmoja tu, naye alipelekwa Ujerumani kusomea uuguzi mwaka 1966 asirudi tena. Raghad, msaidizi wake Shihab, alimsaka siku tisa kwenye makundi ya simu ya wazee wa Unguja mpaka akampata. Bi Khole akakataa kusema neno kwenye simu.

"Jambo la maziwa halisemwi hewani," alisema. "Aje mtu nimwone uso."

Bwana Mudrick ndiye aliyemtuma Shihab. Walipoagana Sur alimshika mkono, akamwambia, "Nitafutie ukweli. Ukiwa dhidi yangu, niletee vile vile."

Sasa Bi Khole alikuwa anamzungusha mji kama mgeni wa sikukuu. Alimwonyesha meli ya zamani ya milingoti iliyogeuzwa makumbusho, daraja refu la kwenda kisiwani, na nyumba za matajiri wa kale zenye kuta za mbele za matofali zilizopanda juu kuliko paa.

"Hawa nao walikuwa wafanyabiashara wa baharini kama watu wa Sur," alisema. "Chumvi, samaki, vitambaa. Mwenye nyumba anakaa chini, mzigo unalala juu. Mimi nilipofika, nusu ya nyumba hizi zilikuwa zimebomoka, miti inaota madirishani. Wamezijenga tena, jiwe kwa jiwe."

Shihab alizifikiria nyumba za Minzfah, mtaa wa kale wa Ibra, zilizojengwa kwa fedha za karafuu na watu waliokuwa wakenda na kurudi Unguja. Pale milango ya kuchonga imeshang'olewa, dari zimeanguka, na watalii wanapiga picha. Alitamani mama yake angekuwa hai amsimulie mji huu.

"Ulizoea lini, Bi Khole?"

"Nani kakwambia nimezoea? Nililia siku tatu. Siku ya nne nikashuka hapa bandarini, nikasikia harufu ya lami na kamba na samaki. Nikasema, ala, mbona hapa Malindi, kwetu Unguja! Nikafuta uso, nikaenda kazini. Mpaka leo nikishikwa na kwetu nateremka hapa. Kaa hapo."

Alimnunulia mkate wenye samaki katikati, kutoka kwenye chombo kilichofungwa gatini, na vitunguu vikichungulia.

"Huyu mbichi, Bi Khole."

"Kalowekwa siki. Kula, acha ushamba."

Shihab akala. Akaona sasa ndio wakati, akatoa daftari. Ndani ya ndege alikuwa amejijengea tumaini moja. Barua inasema "mama wa Mudrick", haisemi mama yupi, na katika orodha za zamani alikuwa amekuta watoto wawili wenye jina hilo mitaa ile ile: Mudrick wa Bi Alyaa, ambaye ndiye mteja wake, na Mudrick wa mwenye duka la saa. Ikiwa aliyenyonyesha ni yule mke wa mwenye duka la saa, Ijumaa watu watakula biriani. Lakini shahidi hatiliwi maneno mdomoni. Akauliza kwa sauti kavu kabisa:

"Mtoto Hadiya binti Aflah. Alipata kunyonyeshwa na mtu mwengine zaidi ya mama yake?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na Bi Alyaa wa Malindi. Mama wa Mudrick."

"Si mke wa mwenye duka la saa?"

"Yule?" Bi Khole akacheka kwa dharau. "Yule hata wake mwenyewe alimpa maziwa ya kopo. Bi Alyaa, n'nakwambia. Siku tatu, usiku na mchana."

"Uliona kwa macho yako?"

"Kwa macho haya. Mimi niliyempeleka, mimi niliyemweka ziwani."

Shihab akaifunga kalamu. Mudrick alikuwa ameshapaka rangi nyumba ya Sur nzima. Dirisha la jikoni kalibomoa kalipanua, kwa sababu Bi Hadiya aliwahi kusema anapenda kuiona bahari akipika. Roho ilimuuma Shihab, ikamuuma kweli, akatazama maji kwa muda ili kibibi asimwone.

"Mbona umenywea?" aliuliza Bi Khole. "Wanataka kuoana?"

"Ijumaa."

"Lahaula!" Akashika kichwa. "Mimi nikidhani wanatafutana udugu tu. Mtume! Mtoto wangu nimpe ndugu kisha nimvunjie harusi kwa ulimi wangu mwenyewe?"

Alilisema neno hilo, mtoto wangu, kama mtu anayesema mkono wangu. Shihab akaliandika daftarini bila kujua kwa nini.

Nyumba ya Bi Khole ilikuwa ghorofa ya tatu, karibu na kanisa kubwa la matofali, ngazi za mbao zinazolalamika. Ndani kulinukia udi. Shihab alimpa halua ya Nizwa aliyomchukulia, naye akaifungua, akainusa, akaifunga tena haraka na kuiweka juu ya kabati.

"Ya watu wanaojua kazi," alisema. "Baadaye."

Akaleta chai ya iliki. Kazi ni kazi. Ushahidi ukipatikana huandikwa wote, unaopendeza na usiopendeza, na sheikh atataka kuusoma. Shihab alikuwa na mtindo wake: huuliza vitu visivyo na maana, kwa sababu mwongo hajitayarishi kwa visivyo na maana.

"Ilikuwa siku gani?"

"Mapinduzi yalikuwa Jumapili. Mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki ile ile. Hii ilikuwa Ramadhani pili."

"Mama yake alikuwa wapi?"

"Alichukuliwa pamoja na wanawake wengine. Karudi siku ya nne, maziwa yamekauka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mtoto analia, uji hataki, maji hataki. Nikajiambia huyu anakufa mbele yangu."

"Ukampelekaje?"

"Ndani ya buibui. Kutoka Kiponda mpaka Malindi, na njiani watu wana mapanga. Akilia tumekwisha sote wawili. Nikampa kidole changu. Ana meno mawili ya chini. Akaning'ata mpaka damu, nami kimya."

Aliunyoosha mkono wa kushoto. Shihab hakuona kovu lolote, ila mikunjo ya uzee.

"Ulimbeba vipi? Begani, kiunoni?"

"Kifuani, mikono yangu chini ya makalio. Sikumkandamiza tumbo."

"Kwa nini usimkandamize tumbo?"

"Alikuwa na vidonda. Kapigwa wasam."

Shihab akainua kichwa. Wasam hakuhitaji kuelezwa. Nyumba nyingi za kwao Sharqiyah zina mzee aliyepigwa utotoni. Mtoto akishikwa na mchango usiosikia dawa, anaitwa mwenye kujua, chuma kinapashwa moto, kinagusishwa tumboni mara moja moja.

"Vidonda vingapi?"

"Vinne. Juu ya kitovu, chini yake, kulia na kushoto. Vilikuwa na juma hivi, bado vibichi. Mimi ndiye niliyekuwa nikivipaka samli."

"Bi Khole, wewe ulikuwa muuguzi."

"Miaka arubaini. Wodi ya watoto."

"Kovu la moto kwa mtoto wa miezi tisa, hufutika?"

"Hasha! Linakua naye. Atazikwa nalo."

Shihab akaomba ruhusa, akapiga simu Ibra. Raghad alipokea katikati ya zogo la wanawake.

"Ammi Shihab! Mimi nipo Suq al-Arba'a, soko la Jumatano, karibu wanafunga. Hapa wanawake tupu."

"Ndiyo maana nakupigia wewe. Bi Hadiya yupo?"

"Aiwa, pale na bukhuri yake ya kufukiza. Leo anauza bila kuongea. Watu wanamuonea huruma."

"Mchukue pahala pa faragha. Mtazame tumbo, kuzunguka kitovu. Uniambie kila alama unayoiona. Usimwambie unatafuta nini."

"Ammi... tumbo? La Bi Hadiya? Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mwanangu."

Walingoja. Bi Khole alizungusha kijiko ndani ya kikombe kitupu.

"Unataka kujua kama mimi mwongo."

"Nataka sheikh asiulize swali ambalo mimi sikuuliza."

"Haya." Akaweka kijiko, akasema bila kumtazama, "Mume wangu alikuwa mchomaji vyuma, anajenga meli hapo chini. Mtu mwema. Hatukujaaliwa mtoto. Mashoga zangu wakizaa nawachukulia zawadi, narudi hapa, najiambia: Khole, wewe pia unaye mmoja. Yupo Ibra. Nilisikia kwa watu kasoma, kawa mwalimu, ana watoto wanne. Sikumwandikia hata siku moja. Nitamwambia nini? Nilikubeba dakika ishirini? Lakini kila nikisikia yupo, basi. Nalala."

Simu ikalia. Shihab akaifungulia sauti, kwa sababu shahidi ana haki ya kusikia linalopingana na neno lake.

"Ammi, hakuna kitu."

"Kitu gani hakuna?"

"Alama yoyote. Kuna moja tu ya operesheni, chini, ya mtoto wake wa mwisho. Kitovu safi. Nimeangalia na taa ya simu! Bi Hadiya ananiuliza kama siku hizi mimi ni mganga."

"Hata alama ndogo za moto? Nne?"

"Wallahi hata moja."

Bi Khole alikuwa amekwisha simama.

"Hakutazama huyo!"

"Katazama kwa taa, Bi Khole."

"Mimi nilipaka samli kwa vidole vyangu! Unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu, na chai yangu umekunywa? Vinne! Kama hana, basi huyo si Hadiya!"

Alilisema kwa hasira. Shihab alikaa akilitazama daftari. Miaka thelathini imemfundisha kuwa shahidi mkweli na mwili mkweli hawagombani. Ukiona wanagombana, kuna kitu cha tatu ambacho wewe mpelelezi hukukitazama. Barua aliisoma mara kumi. Cheti alikipima kwa mwanga. Msahafu aliufungua, akaliona jina alilolitaka, akaufunga. Kwa lugha ya polisi hiyo inaitwa uvivu.

"Raghad, sanduku liko wapi?"

"Garini kwangu, Ammi. Adham amesema hataki kuliona."

"Nipigie picha ukurasa wa kwanza wa msahafu. Karibu, herufi zionekane."

Picha ikaja. Shihab akaikuza. Jina, tarehe, na ile mistari miwili ya chini, kwa wino mwengine. Alisoma Kiarabu tangu utoto, kwa hiyo alianza kuisoma kama dua. Haikusomeka. Herufi zote anazijua, maneno hayapo. Alijaribu mara ya pili, akajaribu kuanzia katikati.

"Si Kiarabu hiki," alisema.

Bi Khole, ambaye bado alikuwa amenuna dirishani, aligeuka.

"Hebu." Akaichukua simu, akavaa miwani, na uso wake ukafunguka mara moja, hasira yote imekwenda. "Kiswahili hiki, baba! Kwa herufi za chuoni, za msahafu. Sisi ndivyo tulivyoandika. Kirumi kilikuwa cha skuli na serikali. Wewe mtu mzima umesoma Kiarabu chako chote na hukijui Kiswahili cha babu yako? Nyinyi watoto wa Oman! Andika, mimi nasoma."

Akainyoosha simu mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mwanafunzi wa kwanza darasani, kila neno limekaa mahali pake:

"'Hadiya binti Aflah, kazaliwa Unguja, Jumatatu, kumi na nne Mfungo Pili, elfu moja mia tatu thamanini na mbili. Katuaga Mombasa, ishirini na nne Mfungo Tatu, thamanini na tatu, umri wake mwaka mmoja na siku arubaini. Kazikwa huko huko. Mungu katupa mwengine Mfungo Sita wa thamanini na tano, tumemwita Hadiya vile vile. Asiulizwe wala asiambiwe.'"

Alimaliza akitabasamu, kwa kuwa hakukosea hata herufi. Tabasamu lilibaki usoni muda kidogo kabla maneno hayajamfikia.

Shihab alitamani angempokonya simu. Alikuwa amechelewa kwa mistari miwili.

"Soma tena ulichoandika," alisema Bi Khole.

Akamsomea.

"Katuaga, ndiyo kafa."

"Ndiyo, Bi Khole."

"Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu." Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. "Hata miezi minne haikutimia baada yangu."

Kichwani mwa Shihab mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe, moja nyuma ya jengine. Wazazi wamekimbilia Mombasa, mtoto kafa. Kapatikana mwengine, wakampa jina lile lile, kama walivyofanya wengi waliofiwa na mchanga. Walipoomba kuingia Oman, baba alikuwa na cheti kimoja tu alichokiokoa, akamwombea nacho huyu aliye hai. Ndivyo Bi Hadiya alivyozeeshwa miaka miwili na zaidi. Mtoto wa Bi Tufool aliyenyonya kwa mama wa Mudrick alikuwa dada yake Bi Hadiya. Na dada wa aliyenyonya hana uharamu wowote, hilo hata sheikh hatahitaji kufungua kitabu.

Lakini palibaki shimo moja, na mpelelezi haondoki na shimo.

"Bi Khole, nisamehe. Lazima niulize. Huyu wa pili kazaliwa Mombasa, Mfungo Sita thamanini na tano. Hiyo ni mwaka sitini na tano. Bi Alyaa angeweza kuwa Mombasa?"

"Bi Alyaa hakutoka Unguja," alijibu, sauti imekauka. "Nilimuaga mwenyewe, Malindi, sitini na sita, siku nilipopanda ndege. Hakuwa amevuka bahari. Alikuwa akiogopa maji."

"Na Mudrick mwenyewe kaja Oman na mama yake mwaka sabini na moja."

"Basi umepata ulichokijia. Andika, nitie saini."

Aliandika, akamsomea kutoka mwanzo, naye akasahihisha neno moja, "Ramadhani pili, usiandike ya kwanza." Kisha akatia saini kwa herufi za Kirumi, na chini yake akaliandika jina lake tena kwa zile za chuoni.

Shihab alipiga picha karatasi, akamtumia Raghad, akampigia. Hakuwahi kumaliza maelezo. Raghad alipiga ukelele, akasikika akimwita Bi Hadiya, akimwambia kwa Kiarabu na Kiswahili kilichochanganyikana, "Halali! Siyo wewe! Alikuwa dada yako!" Halafu soko zima la Jumatano likapasuka vigelegele, wanawake wa Ibra mamia, na katikati yao sauti ya mtu mmoja inalia na kucheka, inasema, "Mpigieni Mudrick, mpigieni Mudrick, jamani." Kile chumba kidogo cha ghorofa ya tatu kikajaa furaha ya watu.

Bi Khole alisikiliza mpaka alipoweza.

"Zima," alisema.

Akazima.

"Treni yako saa ngapi?"

"Saa sita na robo."

"Utapanda ya jioni."

Alikwenda chumbani, akarudi na mkeka umekunjwa. Akaisukuma meza ukutani kwa makalio, na Shihab alipoinuka kumsaidia akamkataza kwa mkono. Akautandika mkeka sakafuni, akavua bangili, akaziweka juu ya redio. Akajifunika mtandio vizuri, akakaa kitako, mgongo ukutani, miguu kaikunja kama walivyokaa mama zake.

"Kwao kafa zamani, Mungu kawapa mwengine, na Ijumaa wana harusi," alisema. "Sina ubaya nao. Waambie nawatakia heri, na usiwaambie zaidi ya hapo. Lakini mimi mtoto wangu kafa leo, saa nne hii, na hajakaliwa matanga. Siwezi kukaa peke yangu."

Shihab alilivua lile koti. Alikuwa amekaa misiba mingi maishani, ya jamaa na ya majirani, na kila mara anaingia nyumba imejaa watu, viatu vimefurika mlangoni. Akakaa upande wa pili wa mkeka, akainua mikono, wakasoma Fatiha. Huko nje kengele za kanisa zilikuwa zinapiga saa. Walipomaliza, wakapangusa nyuso, na Bi Khole akabaki anamtazama, anangoja, mpaka Shihab akakumbuka neno ambalo mama yake alimfundisha aliseme akiingia nyumba ya msiba.

"Makiwa, Bi Khole," alisema.

Hapo ndipo Bi Khole alipolia.